Jivu la Korongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kulisha Mdomo. Nilizoa jivu la jiko letu nikalitia kwenye debe, nikapita mlango kwa mlango nikikusanya jivu la majirani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msichana mkubwa kwenye ploti, na kazi kama hiyo hakuna anayekuuliza kama unaitaka. Kisha nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama pale korongo lilipoanzia, shimo tuliloliita Mdomo, nikamwaga. Jivu lilishuka likifuka vumbi. Nilirudi nikitembea kinyumenyume. Sikupenda kuligeuzia mgongo lile shimo.

Ploti yetu iko Huruma, upande ule unaoteremka kwenda mtoni Mathare. Vyumba vinane vimepangwa kwa mstari mmoja: namba moja iko karibu na barabara, namba nane ilikuwa mwisho kabisa, bondeni. Kuta ni za udongo, zimepigwa plasta kwa mbele tu, ile sehemu mgeni anayoiona. Mfereji wa maji ni mmoja. Sisi tulikaa namba nane: Baba, Mama, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na miaka minne, na mimi. Kitanda cha Mama kiliegemea ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na hatua nne za ardhi, halafu Mdomo.

Watu nitawataja kwa namba za milango yao. Majina yao si yangu kuyatoa.

Aliyeanzisha mambo ya kulisha ni Mama wa Namba Moja. Ndiye aliyetangulia kuingia kwenye ile ploti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, ambaye hata ukinunua viatu vipya anajua kabla hujavivaa. Kila aliponiona na debe alipiga kelele ili ploti nzima isikie:

"Haya, Bubu wetu! Umelilisha? Limeshiba?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Shuleni nako waliniita Bubu. Si kwamba siwezi kusema. Maneno hunijia, lakini yakifika kooni huniona mimi, yanageuka.

Na kweli Mdomo ulijaa. Nilipokuwa darasa la saba ulikuwa shimo ambalo ukiingia huonekani. Nilipofika kidato cha pili jivu, maganda, vitambaa na takataka za ploti yetu na za ploti jirani vilikuwa vimefika juu, sawa na ardhi. Watu walifurahi. Mama wa Namba Moja alipakanyaga kwa miguu yake miwili, akacheza kidogo kama mtu wa arusi, akasema, "Mnaona? Wengine wanangoja kanjo, watu wa jiji, waje kujaza. Sisi tumejijengea uwanja." Mama akaweka jiwe la kufulia pale juu. Baba akasimamisha nguzo mbili, kamba ikafungwa, na Jumamosi wanawake wote walifulia kwenye uwanja wetu wa jivu, watoto wakikimbizana kati ya shuka.

Mimi nilikuwa na daftari la jalada la kijani, nililificha kwenye ufa wa ukuta nyuma ya kitanda cha Mama. Nakumbuka niliandika siku ile: Leo Mdomo umefungwa. Sasa nitalala vizuri.

Nililala vizuri kama miezi miwili hivi.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mwanamke mfupi anayebeba mawe kwenye mkoba wake, mawe kweli kweli, na alipokasirika aliyagonga mezani badala ya kutupiga. Alifundisha kwa Kiingereza, mimi nikiandika pembeni kwa Kiswahili ili yanibaki. Siku moja alitufundisha kuhusu maji ya mvua. Alisema maji yakiteremka kwa kasi hubeba kila kitu, yakifika mahali tambarare nguvu huyaishia, ndipo huanza kutua mzigo: mawe kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga, na ule udongo laini kabisa mwishoni. Huo mzigo aliouita kwa Kiingereza, mimi niliuandika mashapo, kama yale yanayobaki chini ya kikombe cha chai. Mwaka hadi mwaka mashapo hulaliana, ya zamani chini, mapya juu, yakitandaa kama ungo chini ya mteremko. Akasema, "Anayejua kuangalia atasoma hapo mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaandika." Kisha akatupa kazi: kila mtu atafute mahali kama hapo karibu na kwao, achore matabaka.

Wenzangu wa mitaa mingine walilalamika. Mimi sikulalamika. Nilijua pa kwenda.

Jumapili baada ya kanisa nilishuka bondeni na rula na kisu cha jikoni. Pale chini, karibu na mto, korongo letu lilikuwa limetapika miaka yote. Udongo umetandaa, mwembamba kwa juu, mpana kwa chini, na watu walikuwa wamepanda nduma pembeni. Mto ulikuwa umekata ukingo wa lile tandazo, ukaacha ukuta wa udongo unaonifika mabegani, mbichi, mistari yote iko wazi kama mkate uliokatwa. Nilikwangua kwa kisu, nikaanza kuchora kutoka chini.

Chini kabisa kulikuwa na udongo mweusi wenye vijizizi vya nyasi. Hakuna kigae, hakuna karatasi, hakuna chochote cha mtu. Hapo hatukuwepo. Juu yake mstari mweupe wa vipande vya mawe, makali, kama yale yanayoruka mtu akichonga jiwe la kujengea.

Halafu jivu.

Nililijua lile jivu kama ninavyojua nywele zangu. Mstari mnene wa kijivu, na juu yake moja kwa moja mawe makubwa na udongo mwekundu vimechanganyika ovyo, na ndani yao kipande cha saruji chenye tundu la duara. Juu ya hapo utulivu: matandiko membamba ya tope laini, moja juu ya jingine, kila moja mvua ndogo iliyopita bila fujo. Nilihesabu hadi ishirini na ushee nikapotea.

Halafu jivu tena. Juu yake mawe tena na udongo mwekundu, na kipande cha ubao chenye rangi ya kijani. Kisha matandiko membamba, tisa.

Halafu jivu mara ya tatu. Juu yake mawe, udongo, na waya wa kuku umekunjamana na kushika kutu.

Kisu kiliniponyoka. Ule waya niliujua. Lilikuwa banda la kuku la Namba Saba, lililokuwa nyuma ya chumba chetu nilipokuwa darasa la saba. Liliondoka na mvua mchana mmoja, kuku sita na jogoo, na watu walisema ni mvua ya ajabu tu, bahati mbaya. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya siku ile, hapo mbele ya banda, tulikuwa tumejaza shimo kwa jivu mpaka likawa sawa.

Juu ya waya kulikuwa na matandiko manne tu.

Nilikaa juu ya jiwe nikatazama mteremko kuelekea juu. Juu kabisa niliona mabati ya chumba chetu na shuka la Mama kwenye kamba. Jua lilikuwa kali, watu wanaimba kwenye kanisa la ng'ambo, na mimi meno yanagongana.

Jioni ile nilifanya jambo gumu kwangu: nilikwenda mlango wa Namba Moja bila kutumwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ehe! Bubu amesema! Leo kutanyesha mawe." Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. "Haya, mwanangu, umetumwa chumvi?"

"Hapana. Ni kazi ya shule. Zamani... huko nyuma kulikuwa na nyumba ya rangi ya kijani?"

Aliacha kuchambua. "Nani amekuambia? Hilo lilikuwa jiko la mwenye ploti. Alipenda kijani huyo, hata kiti chake kijani. Liliondoka na mvua, wewe hata hujaja hapa."

"Na kabla ya jiko?"

"Kabla ya jiko choo. Kile cha zamani, kule chini zaidi. Nacho kilikwenda." Akacheka. "Shukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani. Na kabla ya choo hakukuwa na kitu, wachonga mawe tu, nyundo kutwa nzima, huwezi kulaza mtoto."

"Mlikuwa mnalilisha? Kabla vitu hivyo havijaenda?"

"Tulilisha, ndiyo. Lakini kivivu. Ndiyo maana likachukua. Siku hizi tunalilisha sawasawa." Akanitazama vizuri. "Mbona unatetemeka? Una malaria?"

Choo, jiko, banda la kuku. Kila mara hatua kadhaa kuja juu. Nilirudi chumbani nikatazama kitanda cha Mama, na mdogo wangu amelala hapo mdomo wazi, na nikajua kinachofuata.

Sasa nitasema ukweli kuhusu mimi. Sikumwambia mtu. Wiki tatu. Nilichora matabaka yangu, mwalimu akaniandikia vizuri sana kwa wino mwekundu, akaniomba nisimame niwaelezee wenzangu, nikasimama, nikatazama sakafu mpaka akaniambia nikae. Na kila asubuhi niliendelea kubeba debe. Nilijua jivu halijazi, linakaa tu hapo linasubiri maji mengi, na yakija linaondoka kwanza na kuvuta ardhi nyuma yake. Nilijua, na bado nikamwaga, kwa sababu nikiacha wangeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema.

Kisha kikatokea kitundu. Kilikuwa pembeni ya jiwe la kufulia, si kikubwa, mkono wangu ungepita. Wanawake walikipenda. Ukimwaga maji machafu hapo yananywewa mara moja, hayakai kufanya tope. "Hata sinki tumepata," alisema Mama wa Namba Moja. "Bado taa za umeme." Nilimwaga beseni zima nikainama kusikiliza. Maji yalikwenda mbali. Yaligonga kitu, yakaenda tena. Nilipokanyaga karibu na ukuta wetu, ardhi ilitoa sauti ya debe tupu.

Jumamosi moja Mama alikuwa akifua sare zangu pale. Mdogo wangu alikuwa amekaa kando ya kitundu anatia vijiti. Mama alikuwa na pakiti ya buluu, ile ya kufanya blauzi nyeupe zing'ae, na alikuwa akiitumia kwa uchoyo, chembe kwa chembe. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa vilima vya Ngong. Nilimtazama mtoto akiingiza mkono kitunduni mpaka begani.

Nilimvuta. Nikachukua pakiti ya buluu yote, nikaimwaga kwenye beseni la maji safi, nikakoroga, nikalimimina lote kitunduni.

"Wewe msichana!" Mama alisimama, mikono yote povu. "Umeingiwa na nini? Buluu yangu yote? Yote?"

"Mama, twende bondeni."

"Kufanya nini bondeni na nina nguo?"

"Twende, Mama. Tafadhali. Twende."

Nadhani kilichomfanya aje ni kwamba alikuwa hajawahi kunisikia nikirudia neno. Alimfunga mdogo wangu mgongoni kwa leso, akashuka nyuma yangu akinungunika. Mama wa Namba Moja naye akafuata na ndala zake, hawezi kukosa sinema. "Ngojeni nami nione! Bubu amerukwa na akili, na mimi nikose?"

Tulisimama mbele ya ule ukuta wa udongo. Hakukuwa na kitu. Inzi tu na nduma. Mama akaniangalia, na nikaona kofi likijiandaa.

"Tungoje," nikasema.

Tulingoja. Mama wa Namba Moja alianza kueleza jinsi binti mmoja wa kwao alivyosoma mpaka akaanza kuongea na mbuzi. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Kutoka chini ya korongo, mahali pakavu ambapo hakuna mvua iliyokuwa imenyesha kwa siku nyingi, palitoka ulimi wa maji. Ulikuwa wa buluu. Buluu kabisa, kama anga kwenye picha ya mtoto. Ulikuja polepole juu ya udongo mwekundu ukabeba vumbi la kijivu mbele yake.

Mama alinyanyua macho kutoka hapo mpaka juu, polepole, kama anayefuata siafu, mpaka kwenye mabati yetu. Mkono wake ukaenda nyuma, ukashika mguu wa mdogo wangu, ukaukaza.

"Ni panya," Mama wa Namba Moja alisema. "Panya wamechimba." Lakini hakucheka.

Ndipo nikasema yote. Choo, jiko, banda. Jivu kwanza, kisha udongo, kisha kilichosimama juu. Nilisema vibaya, nikirukaruka, na kuna mahali nililia, lakini nilisema.

Baba alirudi jioni kutoka Shauri Moyo, ambako alikuwa akigonga masanduku ya bati, masikio yake bado yamejaa nyundo, kwa hiyo Mama alimweleza kwa sauti kubwa na ploti nzima ikasikia mara ya pili. Aliitazama michoro yangu kwa muda mrefu. Alikuwa fundi, aliheshimu mchoro.

"Na tutakwenda wapi?" alisema. "Vyumba vyote vimejaa. Mwenye ploti nimwambie nini, mtoto amesoma udongo?"

"Mwambie unavyotaka," Mama alisema. "Mimi nalala upande wa mlango."

Tulihamisha kitanda usiku ule ule. Kesho yake Baba alikwenda kwa mwenye ploti, akarudi amenuna. Aliambiwa ukuta umesimama miaka yote, hautaanguka kwa buluu. Mama alihamisha jiwe la kufulia mbele, karibu na mfereji. Lakini jivu la vyumba vingine liliendelea kwenda nyuma. Hata kitundu walikiziba kwa jivu.

Wiki iliyofuata sitaisahau. Kila siku nilikuwa shuleni, ng'ambo ya bonde, na Mama nyumbani na mtoto. Niliketi karibu na dirisha. Nilijifunza mawingu kama wengine walivyojifunza hesabu: haya ni ya upepo tu, haya ni ya mbali yatapita, haya ni mabaya. Nilimwomba Mama asikae chumbani mvua ikianza, na alijibu tu "Mmh," akichoma sindano kwenye kitambaa, na sikujua kama "mmh" ile ilikuwa ndiyo au ilikuwa nyamaza.

Ilikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa kwenye hesabu. Kwanza kulikuwa na giza, kisha mabati ya darasa yakaanza kupiga kelele hata mwalimu akawa anafungua mdomo bila sauti. Wenzangu walishangilia, kwa sababu mvua kama ile ni likizo. Mimi nilijikuta nimesimama. Kisha nilijikuta mlangoni.

"Manze, Bubu anatoroka!" kuna msichana alipiga kelele. Mwalimu aliniita. Sikugeuka.

Ili kufika kwetu kutoka shuleni unashuka bondeni, unavuka daraja la mbao, unapanda. Nilianguka mara mbili kabla ya kufika mtoni. Kutoka darajani niliona tandazo letu na mdomo wa chini wa korongo, na maji yanayotoka hapo yalikuwa ya kijivu.

Jivu kwanza.

Nilisimama pale darajani nikayatazama, na ni kama ukuta wote niliouchora ulikuwa umelala ubavu na kuanza kutembea. Nilijua hasa nilikuwa kwenye mstari upi. Maji yalikuwa mazito kama uji, yana vitambaa na mifuko, miaka yote ya debe langu inapita. Kisha, nikiwa bado natazama, yalibadilika. Yalianza kuwa na mishipa myekundu, kama damu kwenye maziwa. Kisha yakawa mekundu yote, na nikasikia mawe yakigongana ndani yake.

Nilipanda kwa mikono na magoti. Nilikuwa nikipiga kelele, mimi, Bubu, nikiita Mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na mvua inaifuta. Nilipofika kwenye ploti nilipita namba moja mbio, mbili, tatu, milango imefungwa, mpaka namba nane. Mlango wetu ulikuwepo. Ukuta wa mbele ulikuwepo, plasta yake safi, na mlango umefungwa. Lakini kupitia tundu la juu ya mlango, pale ambapo kila siku uliona giza la chumba, niliona mvua. Niliona ng'ambo ya bonde.

Mkono wangu ulishika kitasa kabla macho hayajaona kufuli. Lilikuwa limefungwa. Kwa nje. Nililishika, baridi na maji yanatiririka juu yake, na akili yangu haikuweza kwenda hatua moja zaidi. Kufuli la nje lina maana gani? Lina maana gani?

"We! Toka hapo! Toka!"

Ilikuwa ile sauti ya kuuzia samaki. Mama wa Namba Moja alikuwa amesimama mlangoni kwake na gunia kichwani, na nyuma yake, kwenye mwanga wa jiko, nilimwona Mama amekaa juu ya kigoda, mdogo wangu amelala mapajani mwake.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka Mama akinikausha kichwa kwa leso, kwa nguvu mno, akiniumiza masikio.

"Mbona uko hapa? Si saa za shule?"

"Ulitoka lini?"

"Tone la kwanza," alisema. "Si ulisema?"

Mama wa Namba Moja alikaa kitandani kwake, akakishika kikombe asinywe. Tulisikia ukuta wetu wa mbele ukienda. Haukufanya kelele kubwa. Ulifanya kama mtu anayeketi.

Tulilala sakafuni kwake wiki moja. Watu wa Namba Saba walikusanya vyombo vyao asubuhi iliyofuata wakaenda kwa ndugu zao Kayole, na kwa kuwa hakuna mtu aliyetaka namba saba, mwenye ploti akatupa sisi. Mama alikubali mpaka Baba apate kwingine. Bado hajapata. Kwa hiyo sisi ndio wa mwisho tena.

Siku ya pili baada ya mvua, asubuhi, Mama wa Namba Moja alinisimamisha, yeye akiwa na debe mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Haya, mwanangu," alisema, bila ile Bubu. "Umefunguka tena, mkubwa kuliko zamani. Tuanze mapema."

"Hapana, Mama," nikasema. "Silishi tena."

Hakukasirika. Nadhani aliogopa kama mimi, na mtu akiogopa hufanya lile analolijua. Alizunguka nyuma mwenyewe, polepole, nikasikia debe likigonga ukingo na jivu likishuka.

Siku hizi jivu letu Mama hulitia kwenye sukuma wiki aliyopanda kando ya barabara, kama wanavyofanya kwao magharibi. Namba Sita naye ameanza. Wengine bado wanalisha, na ploti jirani hawajawahi kuacha. Niko kidato cha nne sasa, na Mdomo unakaribia kuwa sawa na ardhi tena. Juzi niliona mtoto akichezea hapo juu.

Kila Jumamosi nashuka bondeni. Kuna mstari wa nne wa jivu, mnene kuliko yote, na juu yake mawe, udongo mwekundu, mguu wa kitanda, na ukingo wa jalada la kijani la daftari, lililolowa maji. Sijalivuta. Juu ya hapo nahesabu matandiko membamba. Mara ya kwanza yalikuwa ishirini na ushee, kisha tisa, kisha manne. Jumamosi iliyopita yalikuwa matatu.

Leo mawingu yamesimama upande wa Ngong. Nimeandika mpaka hapa nikiwa nimekaa mlangoni kwa Namba Moja, na tone la kwanza limegonga mabati sasa hivi. Nasikia kufuli la Mama likifungwa kwa nje. Nasikia la Namba Sita. Sasa la Namba Tano.